Mama Ananiita kwa Lugha Nisiyoijua

Wajukuu zangu, leo naanza na kitendawili nilichokitega mwenyewe kikanishinda: niko naye chumba kimoja, ananiita naitika, wala hatusikilizani.

Ni mama yangu huyo.

Ambaye hakusoma wiki zilizopita nampa kwa ufupi, halafu tusonge mbele. Mama yangu ni mtu mzima sana, chumvi aliyokula ingejaza gunia. Mvua zilipoanza aliteleza bafuni akaanguka. Alipozinduka, lugha yetu yote ilikuwa imemtoka, hata neno la kuomba maji. Akawa anasema lugha nyingine ambayo sisi watoto wake hatujawahi kuisikia, tena anaisema kwa ufasaha, hapapasi.

Ndipo tulipogundua kuwa hatumjui. Miaka yote tukimuuliza, "Mama, kwenu wapi?" alijibu, "Kwetu ni hapa nilipokalia." Alikuwa bingwa wa vitendawili, lakini siku tukimshinda na tukimdai mji, alitugawia miji ya watu. Wake hakuutoa. Marehemu baba naye alituwekea mpaka: "Mama yenu nimempata, msimchimbe." Hatukumchimba.

Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, hapo hapo uani kwangu, na mama nalala naye. Kila asubuhi anashika kifua kwa mikono miwili, analia, anasema maneno yale yale. Chakula anakataa. Hospitali walimpima kifua wakakuta kizima. Tukamchua na dawa ya kuchua, tukamwekea vitambaa vya moto, wapi! Anapungua kama kipande cha sabuni.

Mjukuu wangu, yule msusi, akairekodi sauti yake kwenye simu, nami nikaanza kuizungusha mjini. Wiki iliyopita niliwaacha sokoni kwa mshona magodoro wanayemwita Mama Sindano. Nilipomwekea sauti ya mama, sindano ilimdondoka, akajifunika uso.

Sasa sikilizeni.

"Zima," aliniambia kupitia vidole vyake.

Nikabonyeza. Lakini mikono yangu ya kufulia haielewani na simu, sauti ya mama ikazidi kupanda. Muuza vitunguu wa meza ya jirani akageuka.

"Zima, dada! Nimekwambia zima!"

Mjukuu wangu akaninyang'anya simu. "Bibi, wewe ipo siku utawapigia polisi ukidhani unawasha tochi."

Mama Sindano aliokota sindano yake, ndefu kama kiganja, akaipangusa kwenye gauni. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Huyu ni nani wako?"

"Mama yangu mzazi."

"Mzima?"

"Mzima ndiyo, kama huo unauita uzima."

"Na wewe huelewi anachosema?"

"Ningeelewa ningekuwa nazunguka na simu kama muuza dawa ya panya?"

Hakucheka. Alikaa juu ya lundo la sufi, likamshusha polepole.

"Sijaisikia lugha hii tangu nimzike mume wangu," alisema. "Nikiitamani sana naisemea ndani ya godoro, halafu nashona. Naifungia humo humo. Watu wanailalia, hawajui."

Nikamshika mkono. "Kwa hiyo unaijua! Niambie basi, mama anasema nini?"

"Si hapa."

"Kidogo tu, dada yangu."

"Hayo si maneno ya kusemwa mbele ya vitunguu."

"Vitunguu vimekukosea nini leo?" akadakia jirani.

Mama Sindano akanivuta nyuma ya magodoro. Akaninong'oneza kwamba watu wa kwao huku hawajitaji. Ukijitaja unaulizwa umeingilia wapi, na nani aliyekupa kiwanja. "Mimi hapa sokoni najulikana mtu wa bondeni," alisema. "Bondeni kwenyewe sijawahi kufika."

Tukakubaliana aje kwangu jioni akishafunga kazi. Nilimsihi jambo moja tu: apitie mlango wa uani, kaka yangu asimwone.

Kaka ananizidi miaka kama kumi. Mtaani wanamwita Mzee Kiti, kwa jinsi alivyokalia uenyekiti wa mtaa mpaka watu wamesahau mbao zake zilikuwa za rangi gani. Uchaguzi umekaribia, na safari hii amepata mshindani mwenye mdomo. Ameshapitisha maneno kwamba sisi hatuna hata kaburi la babu mahali hapa. "Mtu ambaye babu yake hajalala katika udongo huu atatuongozaje?"

Kaka alikuwa amenionya mapema. "Mdogo wangu, mlishe mama, mwogeshe, mpigie dua. Lakini acha kumtembeza kwenye simu. Utanimaliza."

"Hali chakula, kaka. Nataka nijue anataka nini."

"Wazee husema mengi. Watamaliza, watanyamaza."

Kumwona mama anakuja, siwezi kumsingizia. Ila hakai. Mama akianza tu kusema, kaka anakumbuka kikao.

Basi jioni ile Mama Sindano akaja, akavua viatu, akaketi chini kando ya kitanda. Mama alikuwa ametazama ukuta kama kawaida yake. Mgeni wangu akamsalimia kwa lugha yao, taratibu, kwa kuinamisha kichwa.

Mama aligeuka kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Wakaanza. Mimi nimesimama mlangoni na shati la mteja mkononi, nawasikiliza kama mtoto anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa. Mama alimshika Mama Sindano shavu. Akasema jambo, wakacheka wote wawili. Mama yangu alicheka! Mimi niliyemtumikia miezi yote hiyo sikupata hata tabasamu, na mshona magodoro amepewa kicheko mara ya kwanza. Sitawaficha, nilisikia wivu.

Kisha mama akashika kifua, machozi yakaanza. Mama Sindano akasikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia.

"Mmekuwa mkimchua kifua?"

"Asubuhi na jioni. Si kinamuuma?"

"Hakimuumi. Anasema maziwa yamemjaa. Anasema mleteni mtoto anyonye."

Shati la mteja lilianguka sakafuni, nami sikuliokota.

"Mtoto gani? Mama hana mtoto zaidi yetu. Ni kaka na mimi."

"Wa kike. Anasema hajaota hata jino."

"Basi ni mimi! Mimi ndiye wa kike!"

"Si wewe, dada. Nimemuuliza jina."

Akanitajia. Ni jina ambalo sijapata kulisikia katika nyumba yetu, na sitaliandika hapa. Nikilitaja peke yangu kinywa kinakuwa kichungu.

Mama Sindano akanisimulia yale aliyoambiwa, kwa sauti ya chini. Palikuwa na vita kwao. Watu walikimbilia kwenye daraja. Mama alimwachia dada yake mkubwa yule mtoto, akatangulia kuvuka, akaahidi kurudi kumchukua kabla hajalia njaa. Alipofika upande huu, askari wakalifunga daraja.

"Na wale waliobaki kule? Walipona?"

Aliitazama mikono yake, vidole vimejaa matundu ya sindano. "Mimi nilitoka kule baadaye sana, nikapitia njia nyingine. Katika watu wa upande ule wa daraja sijapata kukutana na hata mmoja."

"Umemwambia mama?"

"Nina wazimu?"

Nilikaa chini pale pale, juu ya shati la mtu. Tangu nizaliwe mama amekuwa na mtoto anayelia njaa upande wa pili wa daraja, na ulimi wetu wote ulikuwa kifuniko tu alichokiweka juu ya kile kilio. Kifuniko kimeanguka. Nasi tulikuwa tunampaka dawa ya kuchua.

"Ndiyo maana hali," nilisema.

"Mama gani atakula na mwanawe ana njaa?"

Mama Sindano alifikiri kidogo. Kisha akamsogelea mama, akamwambia maneno machache, akiwa amemshika mikono. Mama akamkazia macho. Akauliza. Akajibiwa. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea.

"Nimemwambia nimetoka kwa dada yake sasa hivi," akaniambia. "Mtoto ameshiba, amelala. Lete uji upesi, kabla sijaungama."

Mama alikula. Bakuli zima, wajukuu zangu, akalamba na kijiko! Nilitoka nje nikalia nyuma ya kamba ya nguo, shuka za watu zikanifichia aibu yangu.

Lakini uongo nao una njaa, unataka kulishwa kila siku. Kesho yake mama akasema vizuri, nimeshukuru, sasa mleteni nimwone.

Mjukuu wangu msusi akatoa rai. "Tumwazime mtoto wa dada wa saluni. Analia sana yule, mama yake atafurahi kupumzika."

"Mtoto wa mtu hachezewi," Mama Sindano akamkata. "Nitamshona."

"Utamshona mtoto?"

"Nimeshona magodoro ya maharusi na ya wagonjwa. Mtoto atanishinda?"

Alikuja na kitambaa cheupe na mfuko wa sufi. Akaichambua sufi mbegu moja moja, isimchome mama. Akashona kichwa, akashona kiwiliwili, chini akatia kifuko cha mchanga. "Watoto uzito wao uko makalioni," alisema. Kila alipofika mahali alinipa nibebe.

"Vipi?"

"Kichwa chepesi."

Akafumua, akaongeza, akashona tena.

"Na sasa?"

"Shingo ngumu. Mtoto mchanga hana shingo."

Akapunguza. Aliponipa mara ya mwisho nilikuwa namweleza habari za mteja mmoja anayeleta soksi moja moja, na katikati ya maneno nikajikuta nimeshaanza kuyumba huku na huku, kiganja changu kinagonga mgongo wa kitambaa pole pole.

"Unabembeleza," Mama Sindano alisema. "Basi amekamilika."

Tulimpelekea mama. Akampokea kwa mikono miwili, akamnusa utosi, akafungua vifungo vya gauni. Nikageukia ukuta. Yako mambo ambayo mtoto hatakiwi kuyaona kwa mama yake, hata mtoto akiwa mwenyewe ni bibi.

Kuanzia hapo nyumba ikapoa. Mama akala. Akashika mwili kidogo, mashavu yakarudi. Mama Sindano alikuja kila jioni, wakapiga soga za kwao, na mimi nikawa nafua nikiimba mpaka wateja wakaniuliza kama nimeposwa.

Hapo ndipo kaka alipoingia.

Hakubisha hodi. Alikuwa anapita na wapambe wake wa uchaguzi, akawaacha uani kwenye benchi, akaingia na mfuko wa machungwa. Akamkuta mama amekaa kitandani na mtoto wa sufi kifuani. Mama Sindano anawaimbia kwa sauti ya chini.

Kaka alisimama kama aliyepigwa msumari.

Mama akainua uso, akamwona. Akamwinulia kile kitambaa, kama anayemwonyesha, akamwambia maneno mawili matatu kwa upole mkubwa.

Mfuko ukamponyoka kaka. Machungwa yakamwagika. "Nani ameleta uchafu huu?"

"Kaka, ngoja nikueleze."

"Mnamfanya mama yangu mwendawazimu!"

Akavamia, akamnyakua yule mtoto. Mama hakuachia. Mshono wa Mama Sindano haukatiki, jueni hilo. Kilichochanika ni kitambaa chenyewe, kuanzia shingoni mpaka chini. Sufi ikajaa chumba kizima. Mchanga ukamwagika sakafuni, shaaa, ukaisha.

Mama akatazama mikono yake mitupu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilala, akageukia ukuta.

"Babu," mjukuu wangu akasema kutoka mlangoni, "humu ndani unampigia kampeni nani?"

Kaka akamgeukia Mama Sindano. "Wewe mama, umetoka wapi?"

"Sokoni."

"Nimekuuliza umetoka wapi!"

Mama Sindano alikuwa anaokota sufi, anairudisha mfukoni tonge kwa tonge. Alimtazama kaka. "Swali zuri, mwenyekiti. Tujibu sote wawili?"

Kaka akapandwa na damu. Akasema akimwona tena katika nyumba hii atawaita watu wa uhamiaji waje na gari lao, na siku hiyo atajua kama bondeni kuna watu wa aina yake. Macho yalikuwa mekundu, yanachuruzika. Nikadhani ni sufi.

Mama Sindano alivaa viatu vyake akaondoka. Hakuaga, ila alimgusa mama mguu.

Kuanzia hapo mama akafunga kinywa kabisa. Uji hataki, maji hataki. Maneno yenyewe aliacha. Kaka alitaka anyamaze, akapewa.

Nilivumilia mpaka nikaona midomo yake inapasuka. Nikaacha maji ya nguo motoni, nikaenda sokoni mbio. Meza ya Mama Sindano ilikuwa tupu, magodoro yamekunjwa, yamefungwa kamba.

"Anahama," muuza vitunguu akanong'ona. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni vitunguu. "Kuna nini, bibi? Nani amemtisha?"

Nilimkuta nyuma anafunga vifurushi.

"Dada yangu, mama anakufa. Njoo mara moja tu."

"Siwezi." Hakuinua uso. "Nina wajukuu, na wao hawajui. Wanajiita watu wa bondeni, wanaimba nyimbo za shule za hapa. Gari likija kunichukua mimi, halitawaacha na wao."

Kaka ni wangu, na mguu uliomkanyaga ulitoka tumboni mwa mama yangu.

"Basi nifundishe," nikasema.

"Lugha nzima?"

"Sentensi moja. Ile ya mtoto ameshiba, amelala."

Akaacha kamba. Akanitamkia. Nikaijaribu, akakunja uso. "Umesema mtoto ni ukuta." Tukaanza upya. Ulimi wangu ni mzito, umezoea mambo yake. Kuna sauti pale inatokea nyuma kabisa kooni, nilikuwa nakohoa kila nikiifikia. Akanishika shingo kwa vidole vyake, akanionyesha inakotokea. Tulirudia na kurudia, vibibi viwili nyuma ya magodoro, mpaka akasema, "Hapo. Usiongeze wala usipunguze."

Tulikumbatiana. Sikumwuliza anahamia wapi, asije akalazimika kunidanganya.

Nilirudi nyumbani naisema sentensi yangu chini chini, naibeba kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Waliponisalimia njiani nilipunga mkono tu. Mteja wa soksi akaniuliza nguo zake, nikamwonyesha jua. Naamini mpaka leo anadhani zimekauka.

Uani kwangu nikawakuta wapambe wa kaka wamekaa kwenye benchi, wanabishana kuhusu picha ya kubandika, ile aliyocheka au ile aliyonuna. Yeye mwenyewe sikumwona. Nikapita bila salamu, nikaingia kwa mama, nikafungua dirisha apate hewa. Nikachukua bakuli la uji, nikapiga magoti.

Nikasema.

Halafu bega la mama likasogea. Akageuka, akanitazama, na macho yake yakatua juu yangu kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Alinitazama kama mtu anayenijua. Tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo uliopasuka.

Nikainua kijiko.

Mama akasema jambo. Fupi. Mwishoni sauti ilipanda: lilikuwa swali.

Nikarudia sentensi yangu.

Akatikisa kichwa kwa subira, kama mama anavyomfanyia mtoto anayechelewa kuelewa. Akauliza tena, lile lile. Akasubiri.

Nilikuwa na sentensi moja tu, wajukuu zangu. Nikaisema tena. Ikaanza kuharibika mdomoni, ile sauti ya kooni ikawa kilio. Tabasamu la mama likaanza kufifia. Nikaona shingo yake inaanza kugeukia ukuta, na nikajua safari hii akigeuka hatarudi.

Nyuma yangu mtu akamjibu.

Akamjibu kwa lugha ile ile, bila kupapasa, sauti ya kooni ikitoka mahali pake. Sikumtambua. Sauti za watu wa nyumba yetu nazijua zote, na hii ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa kiume aliyezoea kutumwa.

Nikageuka. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Mama alinyoosha mkono. Kaka akaja akapiga magoti karibu yangu, mzee mzima na suti yake ya uchaguzi, mama akamshika uso, akampapasa paji, nyusi, masikio, kama anayehesabu kama vyote vimefika.

"Kaka," nilisema. "Ameuliza nini?"

Machozi yalikuwa yanaingia kinywani mwake.

"Ameuliza, na kaka yake mtoto je? Yuko wapi?"

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia, niko hapa, mama."

Miezi yote ile. Kila asubuhi mama alipoomba mtoto wake, palikuwa na mtu mmoja katika nyumba hii aliyemwelewa neno kwa neno, na mtu huyo akakumbuka kikao.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Sikujua mkono upi utangulie.

Kaka alichukua kijiko kutoka kwangu. Akamwambia mama neno moja, laini, na mama akafungua mdomo. Akameza. Akafungua tena.

Dirisha lilikuwa wazi. Ndipo nilipotambua kuwa uani pamekuwa kimya. Mabishano ya picha yamekatika, benchi halilii tena.

"Mwenyekiti," mmoja wa wapambe akaita kutoka nje, na hakuwa anatania. "Hiyo lugha umeijulia wapi?"